Popo: kumsikiliza tu, au kumshika?

Popo mdogo wa gramu 5 ana uzito wa karatasi moja ya A4. Mtafiti akishamnasua wavuni, humpunguza manyoya kidogo katikati ya mabega, akapaka gundi, akabandika kitoa mawimbi cha redio, kisha akamwachia gizani. Baada ya siku kadhaa gundi huachia na kifaa hudondoka. Wanaohesabu popo wamegawanyika hapo: kwa nini umshike kiumbe huyu, wakati vinasa sauti vinaweza kumsikia akipita zake?

Wanaokataa kumshika wana hoja nzito. Popo jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo mimba ikiharibika kwa mshtuko, hasara hiyo haifidiwi haraka. Kuna na ugonjwa wa pua nyeupe, unaosababishwa na kuvu. Ulionekana mara ya kwanza Amerika Kaskazini mwaka 2006, pangoni katika jimbo la New York, na umeshaua mamilioni ya popo. Mbegu za kuvu hiyo hung'ang'ania viatu, nguo na nyavu. Mtafiti mwenyewe anaweza kuwa ndiye mbebaji. Kinasa sauti unakifunga mtini jioni na kukichukua asubuhi, kimejaa milio inayozidi mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio letu haliipati.

Lakini kinamsikia popo akiwinda, hakimfuati anakolala. Milio mia huenda ni ya popo mia, huenda ni ya mmoja aliyezunguka pale pale usiku kucha. Popo wa masikio marefu hunong'ona, asisikike ila kwa mita chache. Popo wala matunda wengi hawaongozwi na mwangwi wa milio yao kabisa, kama popo wengine. Hutumia macho na pua. Ripoti ya kinasa peke yake itasema hawapo, na mti wao utakatwa.

Ndiyo maana, pale swali linapokuwa wanalala wapi, mimi naunga mkono kitoa mawimbi. Asubuhi unatembea na antena mkononi. Tik, tik, hafifu. Unageuka, inakolea, mpaka inakufikisha kwenye mti uliokufa nusu, gome limeachana na shina kwa upana wa kidole. Ungepita hapo mara kumi bila kuutazama. Jioni unakaa chini yake na kuwahesabu wakichomoka mmoja mmoja. Baada ya siku mbili tatu yule yule yuko mti mwingine, kwani popo wengi wa mitini huhamahama, na ndipo unapoona kwamba nyumba yao ni kundi zima la miti.

Kifaa kisizidi asilimia 5 ya uzito wa mwili, yaani robo gramu kwa popo huyu. Majike wanaokaribia kuzaa waachwe. Walio katika usingizi mrefu wa majira ya baridi wasiguswe kabisa, maana kila anapoamshwa huchoma mafuta anayoyahitaji afike majira ya joto. Na kitendo cha kushika popo ili kujaza orodha tu siwezi kukitetea.

Wapo wanaotaka ramani za malazi haya ziwe wazi kwa kila mtu, wakisema elimu ni ya wote. Nawaelewa, ila pango likishajulikana hupata wageni wenye tochi, na wengine wenye moshi. Kwa umma, jina la wilaya linatosha. Mwenye msitu ndiye aoneshwe mti wenyewe, kwa kidole, kabla msumeno haujawashwa.