Nimeujua mto wa wenyewe kabla ya Msimbazi

Jumapili iliyopita nilituma picha moja kwenye grupu la familia. Mayai ya chura, basi. Yalikuwa ukingoni mwa bwawa la Sutcliffe Park, kusini mashariki mwa London, yameshikana kama pasheni iliyopasuliwa: vitone vyeusi, kila kimoja na ute wake. Nilichuchumaa pale robo saa nzima, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, moyo umejaa furaha. Binamu yangu akajibu, "Umevuka bahari kwenda kupiga picha za vyura?" Mjomba akamalizia kwamba Ulaya imenilevya.

Utani wa ndugu hauniumizi. Kilichoniuma ni nilichokifikiria usiku ule. Nimezaliwa na kukulia Vingunguti, Dar es Salaam, nyumba yetu ya tano kutoka bondeni, na katika miaka kumi na tisa sikuwahi hata siku moja kuketi kando ya Mto Msimbazi nikautazama. Hapa nina mwaka wa nne tu, na kijito cha Quaggy kinachopita kwenye bustani hiyo ya Sutcliffe, ambacho kuna mahali unakivuka kwa hatua moja, nakijua majira yake yote. Januari kingo zake zina barafu nyembamba inayovunjika kama papadi, na korongo amejikunyata mguu mmoja. Machi mierebi inaanza kuchipua. Julai matete yananizidi kimo, maji huyaoni, unayasikia tu. Oktoba majani ya manjano yanashuka na mkondo na kujazana kwenye mawe.

Najua mtakachosema: ameanza, mbeba boksi, kusifia vya watu. Sikilizeni kwanza. Kijito hiki hawakukuta kizuri. Miaka ya 1930 walikizika kwenye bomba la zege, juu wakatandika uwanja wa majani. Mwaka 1968 mafuriko yakaizamisha Lewisham, mbele kidogo tu. Baadaye ulipokuja mpango wa kuongeza zege, wakazi wakaupinga, na hatimaye, 2003 na 2004, mto ukafukuliwa na kurudishwa juani. Uwanja wenyewe ukachimbwa ukashushwa, ili mvua kubwa ikija maji yatuame pale kwenye majani na si sebuleni kwa watu. Vyura ninaowapiga picha wamekuja baada ya hapo. Kwa hiyo anayeniambia wenzetu wamejaliwa mazingira, naye hajui. Waliuharibu kama sisi, kisha wakaona aibu.

Na yule atakayesema Mwafrika hana habari na mambo ya majira na ndege, huyo ndiye ananichemsha damu zaidi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mvuvi wa Makunduchi, Unguja. Alihesabu siku tangu Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya, kumi kumi, mwongo baada ya mwongo, na kwa hesabu hiyo alijua kusi italegea lini, kaskazi itaanza lini, lini mbegu ziingie ardhini. Hakuwa na karatasi. Hapa nina jirani mzee mwenye daftari anamoandika kila mwaka tarehe aliyoona mayai ya chura, na watu wanamheshimu kwa hilo. Babu yangu alikuwa na daftari hilo kichwani, na sisi wajukuu hatukumwuliza.

Msimbazi nao una majira, ila tumeachiwa moja tu la kuujua: masika, maji yakiingia ndani. Mengine tumenyang'anywa. Nani atakaa kando ya maji yenye rangi ya kiwanda? Mama alitukataza kukanyaga kule na alikuwa na haki. Mchicha wa bondeni tuliula tukijua umemwagiliwa nini. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 rafiki yangu wa darasani aliondoka na familia yake kuhamia Mabwepande, walikopelekwa waathirika, na nilichobaki nacho cha mto ule ni alama ya tope ukutani kwao, juu ya kitasa cha mlango. Halafu mtu aniambie napenda vyura kwa sababu nimejisahau!

Nimesoma kwamba mradi wa bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, una bustani ya jiji ndani yake. Naiombea. Ila isiwe bustani ya kupigia picha za harusi tu. Maji yenyewe yasafishwe, kuanzia juu kule Pugu hadi Daraja la Salenda, ili mtoto wa Vingunguti naye achuchumae.

Septemba iliyopita niliwaona mbayuwayu wakipita juu ya Quaggy, wameinama karibu kugusa maji, safari yao ya kusini imeanza. Wa Uingereza wengi huishia Afrika Kusini, kwa hiyo sidai kwamba ni walewale wanaofika Dar. Lakini nilimpigia mama nikamwomba: ukiwaona huko, niandikie tarehe. Akaguna, akasema ana kazi. Novemba ujumbe wake ukaingia nikiwa kwenye basi: "Ndege wako wapo tangu jana. Wamejipanga kwenye nyaya za umeme upande wa bondeni. Nimehesabu thelathini na moja nikachoka."