Spea za magari Ulaya: fursa ipo, lakini inaanzia maabara

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kukomesha, kuanzia 2035, uuzaji wa magari mapya madogo yanayotoa hewa ukaa. Tangu hapo wanaotengeneza spea nje ya Ulaya wamegawanyika. Kuna wanaosema soko la spea la Ulaya linakufa: gari la umeme halina plagi, halina oili ya injini, halina ekzosi, sasa kiwanda kiwekeze kwa faida gani? Wengine wanasema fedha iko huko, magari ni mengi, na atakayechelewa atakuta nafasi zimejaa. Mimi naona hawa wa pili wako karibu zaidi na ukweli, ila wanaruka sehemu iliyo ngumu kuliko zote.

Tuanze na magari yenyewe. Umoja wa Ulaya una takriban magari madogo milioni 250, na wastani wa umri wake umevuka miaka 12. Luxembourg wastani ni kama miaka 8, lakini Ugiriki unafika kama 17. Mwishoni mwa 2023, magari yanayotumia betri pekee hayakufika asilimia 2 ya magari madogo yote yaliyokuwa barabarani. Sheria ya 2035 inagusa magari mapya tu, na Desemba 2025 Kamisheni ya Ulaya yenyewe ilipendekeza ilegezwe. Gari la dizeli lililosajiliwa juzi litaendelea kuvaa pedi, beringi na bushi mpya kwa miaka mingi, na likishatoka kwenye waranti mwenye gari huanza kutafuta gereji ya bei nafuu na spea isiyo na nembo ya kampuni iliyounda gari. Hapo ndipo muuzaji wa nje anapopata nafasi.

Hoja ya umeme nayo ina ukweli wake, ila inategemea unatengeneza nini. Mwenye kiwanda cha plagi au mabomba ya ekzosi ana kila sababu ya kuhangaika. Hata pedi za breki huisha polepole kwenye gari la umeme, kwa kuwa mota husaidia kupunguza mwendo huku ikirudisha umeme kwenye betri. Lakini betri hiyo ni nzito, na uzito wake unaelemea matairi na sehemu za sasipensheni. Waipa, beringi za magurudumu na filta ya hewa inayoingia ndani ya gari zinahitajika gari liwe la petroli au la betri. Mwenye kiwanda kidogo cha mpira au chuma anayeuliza aanzie wapi, ningemwambia aangalie huko kabla ya injini.

Sasa ile sehemu ngumu. Shika pedi ya breki inayouzwa Ulaya, igeuze, utazame lile bamba la chuma la nyuma. Utaona herufi E ndani ya duara, pembeni yake namba ya nchi iliyotoa idhini (1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi), kisha 90R na tarakimu nyingine. Maana yake pedi hiyo imepimwa chini ya Kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa, na nguvu yake ya kusimamisha gari haikupishana na ya pedi ya awali, ile iliyokuja na gari, kwa zaidi ya asilimia 15. Hata boksi lazima lifungwe kwa namna ambayo mtu akilifungua itajulikana. Disiki za breki nazo ziliingizwa kwenye mfumo huo, kwa magari yaliyoidhinishwa kuanzia Novemba 2016.

Gharama ya vipimo hivyo hulipwa kabla hujauza hata pedi moja. Tena mwenye kiwanda hukaguliwa kama ana uwezo wa kutoa ubora uleule siku zote, siyo kwa ile sampuli aliyoipeleka maabara peke yake. Halafu msambazaji hahitaji aina tatu za pedi. Anataka orodha inayokidhi magari mengi yanayoingia gereji za wateja wake, na kila spea iwe imeoanishwa na namba ya awali ya mtengenezaji wa gari kwenye katalogi ya kielektroniki kama TecDoc. Fundi akikosa spea yako kwenye katalogi, ni kama haipo sokoni.

Wapo wanaolalamika kwamba masharti haya ni ukuta wa kulinda viwanda vya Ulaya. Siafiki. Breki mbovu inaua, na kanuni hiyohiyo inambana Mjerumani na Mwitaliano. Ila lalamiko hilo lina chembe ya haki: anayeuza pedi milioni hugawanya gharama ya kipimo mpaka haisikiki, na anayeanza hubeba yote kwenye kontena lake la kwanza.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Kwa sheria za Ulaya, anayeingiza bidhaa kutoka nje ya Umoja huwajibika kwa madhara ya bidhaa hiyo kama vile ameitengeneza mwenyewe. Ndiyo maana muagizaji wa kule anakuuliza cheti cha IATF 16949 (kiwango cha ubora kwa viwanda vya spea za magari) na bima yako kabla ya kuuliza bei. Si dharau. Anajua kesi ikija itaanzia kwake.

Kwa bampa, taa na madigadi, hali imekuwa nzuri zaidi. Zamani nchi kadhaa zililinda umbo la sehemu hizi, kwa hiyo mtengenezaji wa gari alibaki muuzaji pekee. Ujerumani ilianza kulegeza mwaka 2020, na sheria mpya za Ulaya za 2024 zinaruhusu kutengeneza sehemu ya kurudishia gari umbo lake la awali. Nchi zilizokuwa na ulinzi huo zinaweza kuuendeleza kwa miundo ya zamani hadi Desemba 2032, kwa hiyo kabla ya kuchonga moldi, angalia nchi unayolenga.

Kuuzia viwanda vya magari moja kwa moja ni habari nyingine. Moroko imefanikiwa kwa nyaya za umeme za magari, kwa kuwa kazi hiyo inahitaji mikono mingi, na Renault ilifungua kiwanda Tangier mwaka 2012, karibu na bandari inayotazama Hispania. Aliye mbali, asiye na bandari ya namna hiyo, asijipime kwa Moroko.

Linabaki suala la nembo. Wanunuzi wa jumla Ulaya wanazidi kuwa wachache na wakubwa. LKQ ya Marekani peke yake ilinunua Euro Car Parts ya Uingereza mwaka 2011, Rhiag ya Italia 2016 na Stahlgruber ya Ujerumani 2018. Kampuni za ukubwa huo hupenda kuuza kwa nembo zao. Kukubali kunakupa oda za uhakika, lakini faida hubanwa na siku wakipata wa bei ya chini hakuna fundi atakayeuliza umekwenda wapi. Pamoja na hayo, kwa kiwanda kinachoanza ningekubali oda hizo, kwa sharti moja: idhini za kiufundi zisajiliwe kwa jina la kiwanda, siyo la mnunuzi, ili siku mkiachana uweze kuuza pedi ileile kwa mwingine bila kurudi maabara.