Kiingilio chako, bia zangu

Kuna mwenye baa kahojiwa kuhusu malipo ya bendi, anasema bendi inayopiga kwake ichukue kiingilio chote, yeye abaki na hela ya bia, eti hapo kila mtu kapata chake. Kaka, mvua ya Dar unaijua? Nimepiga besi miaka tisa. Ijumaa moja Temeke ilinyesha toka saa kumi jioni, mlangoni wakaingia watu kumi na mmoja, watatu kati yao jamaa za mpiga tumba. Tulikuwa wanane, na kirikuu iliyobeba vyombo ilitaka hela yake palepale. Waliokuwa ndani tayari, wasiolipa kiingilio, walikunywa mpaka saa nane usiku, na muziki ndio uliowakalisha.

Bendi ya NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964 wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi, NUTA, wana mshahara. Siombi mshahara. Nataka kianzio kilipwe kabla hatujafunga spika, usafiri juu ya mwenye ukumbi, ndipo tugawane cha mlangoni, na mtu wetu akae pale na vitabu vya tiketi. Hela za kutuzwa na mashabiki ziacheni, hizo ni za mwimbaji, sisi wa nyuma hatuzioni.