Maiti Aliyemfokea Mbwa kwa Kiswahili

Najua mmeshaiona ile video yangu ya jana kwenye maigizo ya vita. Yule mshenzi wangu wa Tanga aliirusha kwenye kundi la WhatsApp hata sijamaliza kutoa samadi masikioni, na tangu jana usiku napokea ujumbe wa watu ambao hatujasalimiana tangu tumalize sekondari. Sasa tulieni niwaeleze mwenyewe, maana yeye anatangaza ati nililia "mama nakufa". Sikumlilia mama. Nitafika huko, msinikimbize.

Mnajua wote ugonjwa wangu. Kila kiangazi hapa Kent, Uingereza, wenzangu wanakwenda kuchoma nyama, mimi navaa sufu na pamba nene, nakwenda kuwa askari wa Urusi. (Na wewe unayeandika hapo chini "Mrusi mweusi ulimwona wapi?", kasome habari za Abram Gannibal: Mwafrika aliyepelekwa kwa mfalme Petro wa Urusi akiwa mtoto, akapanda cheo mpaka jenerali. Mshairi Pushkin ni kitukuu chake. Tuendelee.)

Mwaka huu tunaigiza askari wa miguu wa Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti, kiangazi cha 1943 kwenye Vita vya Pili vya Dunia, na mimi kwa mdomo wangu mrefu nilijitwika ukaguzi wa mavazi. Jana asubuhi nilipita kwenye mstari kama mama mkwe anayekagua jiko. Kijana wa kwanza kavaa gimnastiorka, lile shati la jeshi, yenye kola ya kulala na mifuko miwili kifuani, halafu kashonea mabega mapya, vile vipande vya cheo vya begani. Nikamwambia: shati hilo ni la mtindo wa 1935, na mabega yalirudishwa Januari 1943. Kulivaa unaweza, maana hawakutupa nguo za zamani, lakini shati jipya la askari wa kawaida lilikuwa na kola ya kusimama, vifungo viwili shingoni, bila mifuko kifuani. Amua wewe ni nani. Wa pili, mkanda wenye bamba la shaba na nyota: vua, askari wa kawaida alipewa huo baada ya vita. Wewe tafuta wenye kishikizo cha kawaida cha chuma, wa turubai au wa ngozi. Wa tatu ndiye aliyeniumiza, kanunua helmeti ya mtindo wa 1968 akaambiwa ni ya vita. Paji la mbele limelala mno, linaonekana hata kwa kipofu. Ya vita unayoitaka ni ile ya mtindo wa 1940, yenye ribiti sita zilizozunguka karibu na ukingo wa chini.

Nikakagua mpaka kile kitambaa cheupe kinachoshonwa ndani ya kola. Kinatakiwa kichungulie juu ya kola kwa unene wa njiti ya kiberiti, si zaidi. Sindano na nyuzi zake, nyeupe na ya kijani, zikae zimezungushwa ndani ya kofia. Yupo mmoja aliyefunga bega lake kwa pini. Pini! Nikamnyang'anya mbele ya watu, nikasema kwa sauti kubwa: "Askari wa mwaka 1943 anashona." Yashikeni maneno hayo.

Sasa tuje miguuni.

Ndani ya kiatu hakuna soksi. Kuna kitambaa cha pamba, sentimita 35 kwa 90, unakikanyaga kwa pembe, unakizungusha kuanzia vidoleni, na ukiacha kunjo moja tu chini ya unyayo utalipia kwa lengelenge. Msicheke, jeshi la Urusi limeachana navyo 2013 tu. Hapo sikukosea. Kosa langu lilikuwa juu yake. Buti refu halikumfikia kila askari, kwa hiyo wengi walipewa viatu vifupi na obmotki: utepe mpana wa kuzungushia mguu kutoka kifundoni hadi chini ya goti. Wale ambao babu zenu walikuwa KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza Afrika Mashariki, mmeziona kwenye picha za ukutani. Zangu zina upana wa kiganja na urefu wa mita mbili na nusu, na mwisho wake mmoja umeshonewa kamba nyembamba ya kufungia.

Siri nzima iko kwenye kuzikunja. Ukishazifua na kuzikausha, unazikunja kama bandeji, na unaanza na upande wa kamba. Kamba inakaa katikati kabisa, imefichwa. Asubuhi unaanzia kwenye kiatu, mizunguko miwili ya kufunika shingo ya kiatu, unapanda, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule wa chini, na ukifika chini ya goti kamba inakutokea yenyewe mkononi. Unafunga kwa nje, unachomeka ncha. Ukianza kukunja na upande usio na kamba, utafika gotini umeshika ncha tupu, na kamba iko chini kifundoni inakucheka.

Juzi usiku ya kulia niliikunja vizuri. Ya kushoto naianza tu, ikatolewa penalti.

Mnaelewa.

Basi jana saa nane kasoro mchana, sajini anapiga filimbi, niko gotini na ncha tupu mkononi. Kuifumua, kuikunja upya na kuizungusha ni dakika nne. Nilikuwa nazo, sitasema uongo. Lakini wale vijana wote niliowatesa asubuhi walikuwa wamesimama pale wananitazama. Mimi, mkaguzi, nikae chini nianze kufumua? Nikazunguka nyuma ya hema kwa yule wa Tanga na mkewe, nikanong'ona: "Shemeji, nisitiri, una pini?" Akachomoa moja kwenye ushungi wake. Pini nyembamba ya ushungi, kwenye sufu nene iliyopandana mara mbili, na misuli ya mguu ukikimbia inavimba. Mtoto wa darasa la tatu angeniambia itatokea nini.

Tukapangwa. Mbele yetu mteremko wa kama mita mia mbili, Wajerumani wetu wako kwenye handaki chini, watazamaji wako nyuma ya kamba upande wa kushoto. Mkononi nina bunduki ya Kirusi, Mosin ya 1891/30, iliyozimwa isifyatue, kama kilo nne, bila singe kwa sababu za usalama. Filimbi. "Uraaaa!"

Hatua ya kumi, nasikia kitu kinanichoma kwenye goti halafu hakichomi tena. Hiyo ndiyo pini ikiaga. Hatua ya ishirini, mguu wa kushoto una upepo. Ya thelathini, natupa jicho nyuma na naona utepe wa kijani unanifuata kwenye majani kama mkia wa tiara. Nikawaza: kimbia tu, ukiishia wote uko huru. Hesabu hiyo ilikuwa nzuri, ila ile kamba ilikuwa imefungwa kifundoni. Kwa mikono yangu. Fundo mbili.

Ndipo kijana wa pini, yule yule, aliyekuwa nyuma yangu, akakanyaga mkia.

Wakuu, nilielea. Niliona mbingu, nikaona helmeti inashuka machoni, nikasikia Mosin imekwenda njia yake, halafu nikatua kwa uso. Shamba lile wiki nzima lilikuwa la ng'ombe. Sisemi zaidi.

Watazamaji wakapiga makofi! Walidhani nimepigwa risasi. Muuguzi wetu akaja anatambaa na begi lake, akatandika turubai lile ambalo ni koti la mvua mchana na hema usiku, akaniuliza kwa hasira chini ya pumzi: "Umejeruhiwa au umekufa? Amua!" Nikasema nimekufa. Maiti haulizwi kitu.

Akanishika mabegani anivute. Sikwenda. Akavuta tena. Mguu wangu wa kushoto ukapanda wenyewe hewani, taratibu, kama unaomba ruhusa ya kuuliza swali. Nikainua helmeti kidole kimoja. Kwenye kamba ya watazamaji kulikuwa na mbwa, dogo, nene, lenye furaha kuliko kiumbe chochote nilichowahi kuona, na mdomoni lina ncha ya obmotki yangu. Muuguzi akivuta kichwa, mbwa anavuta mguu. Mguu unapanda, unashuka. Watoto wakaanza kuhesabu.

Na hapa ndipo ule uongo wa Tanga unapoingia. Nilichosema, na nilisema kwa sauti ya kuita daladala, ni: "Niache bwana, mi nshakufa!"

Uwanja ukanyamaza. Halafu mtangazaji, Mungu amzidishie, akasema kwenye spika kwa utulivu wake wote kwamba wageni wakumbuke Jeshi Jekundu lilikusanya wanajeshi wa lugha nyingi mno. Video inatikisika pale kwa sababu mpiga picha alikuwa amelala chini anacheka.

Mengine ni mafupi. Fundo likakatika, mbwa likaenda na utepe, mimi nikaenda na turubai, tukashinda vita. Mwenye mbwa aliurudisha jioni ukiwa umelowa mate na hauna kamba. Kijana wa pini hakusema neno, alinifuata tu kwenye foleni ya chai akanipa sindano na uzi wa kijani.

Onyesho lijalo ni wiki mbili zijazo. Na shemeji, pini yako iko mahali fulani kwenye ekari mbili za samadi. Nimenunua paketi nzima, namtuma mumeo akuletee, akishafuta ile video.