Walaji wa Tope la Mto Kongo

Januari 2020 intaneti ilizorota katika nchi nyingi za Afrika, kuanzia Nigeria hadi Afrika Kusini, baada ya mikongo miwili ya mawasiliano, SAT-3 na WACS, kukatika chini ya Bahari ya Atlantiki. Mkataji alikuwa mto Kongo wenyewe, na sadfa hiyo ya majina inachekesha kidogo. Mafuriko makubwa ya mwishoni mwa 2019 yalikuwa yamelundika mashapo mlangoni mwa mto; mashapo hayo yakaporomoka ndani ya korongo lililo chini ya bahari na kuteremka kwa takriban siku mbili, umbali wa zaidi ya kilomita 1,100, huku kasi ikipanda kutoka mita 5 hadi mita 8 kwa sekunde. Tulilalamika, meli ya matengenezo ikafanya kazi yake, tukasahau. Sikumsikia mtu yeyote akiulizia hali ya wakazi wa korongo hilo, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Wakazi wenyewe hawaonekani kirahisi. Wengi wao hupita kwenye chekeche la matundu ya milimita 1 na kunaswa tu na lile la mikrometa 32 (mikrometa ni sehemu ya elfu ya milimita): minyoo ya nematodi, kopepodi, yaani jamaa wadogo sana wa kamba, wanaotambaa matopeni, na foraminifera, ambao ni viumbe wa seli moja wanaojijengea nyumba ya chokaa au ya chembe za mchanga zilizogandishwa pamoja. Ukubwa wao usitudanganye. Katika sehemu kubwa ya sakafu ya kina kirefu, chakula ni mabaki haba yanayodondoka kutoka juu kama vumbi, lakini korongo la Kongo lina desturi nyingine. Kichwa chake kimeingia ndani ya mlango wa mto kiasi cha kilomita 30, kwa hiyo tope, majani na vipande vya miti ya msituni, ambavyo kwenye mito mingine hutuama karibu na pwani, hapa hupata mteremko wa moja kwa moja hadi kina cha mita 5,000 hivi. Viumbe wa huko chini, gizani, wanakula msitu.

Karamu hiyo ina gharama. Mabaki mengi yakioza mahali pamoja humaliza oksijeni ndani ya tope, na bakteria wanaobaki hutoa salfidi, ambayo ni sumu kwa wanyama walio wengi. Watafiti wa Ufaransa waliofika mwisho wa korongo mwaka 2011 walikuta kome wanaoishi kwa msaada wa bakteria wanaoitumia salfidi hiyo hiyo, pamoja na matandiko ya bakteria juu ya tope. Kuhusu foraminifera, mwaka 2006 ilithibitishwa kwamba baadhi yao hupumua kwa naitreti, yaani chumvi yenye nitrojeni na oksijeni, pale oksijeni inapokosekana, jambo ambalo hapo awali lilidhaniwa kuwa kazi ya bakteria zaidi. Mimi huliona hili kuwa la ajabu kuliko papa yeyote.

Kisha yanakuja maporomoko, ambayo hufagia na kufukia kila kitu. Mfano ninaoupenda unatoka korongo la Capbreton, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ambako dhoruba ya Desemba 1999 ilifuatiwa na tabaka jipya la tope kumwagika juu ya lile la zamani. Watafiti walipolichunguza miezi kadhaa baadaye waliwakuta foraminifera wa spishi chache tangulizi wamekwisha kuhamia, wakati jamii iliyozoeleka ilikuwa bado haijarudi. Kumbe ukijua ni nani amewahi kufika na nani bado, unaweza kukadiria korongo limesumbuliwa lini na kwa kiasi gani. Kipimo cha namna hiyo hukipati kwa kuhesabu samaki wakubwa, ambao huhitaji eneo pana na bahati nyingi. Mrija mmoja wa tope hutosha kutoa mamia ya foraminifera, na hata wakifa nyumba zao hubaki. Ili kuwatofautisha, sampuli hutiwa rangi ya waridi, ambayo hushika nyama ya waliokuwa hai, na maganda matupu huachwa kama yalivyo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani uhifadhi wa bahari ni kazi ya kulinda wanyama wenye sura. Tanga ilipata hifadhi yake ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, mwaka 2009, na sina ubishi nayo. Lakini hakuna atakayemchapisha nematodi kwenye fulana, na kwa sababu hiyo inatubidi tumtetee kwa hoja tupu.

Mimi nimekulia Kigoma. Maji ya ziwa letu hutoka kwa mto Lukuga pale Kalemie, yakaingia Lualaba, nao Lualaba ndio Kongo kabla haujabadili jina. Nisitie chumvi: tope la Malagarasi hutuama ziwani, kwa hiyo hatuwezi kujidai kwamba tunawalisha viumbe wa Atlantiki. Hata hivyo mto ni mmoja, na mazungumzo ya kupanua mabwawa ya Inga, kilomita 150 hivi kutoka baharini, yanatuhusu sisi wa juu kama yanavyowahusu wa Matadi na Muanda. Bwawa huzuia mashapo. Kiasi gani, hutegemea ukubwa na umbo la ukuta. Katika mijadala ninayoifuata husikia megawati, madeni na watu watakaohamishwa, mambo mazito yote, lakini sijasikia likitajwa korongo ambalo chakula chake hupita hapo hapo.

Ningependa vyuo vikuu vya Kinshasa na Luanda viwe na sampuli zao za tope hilo, zilizokusanywa kwa miaka mfululizo na kuhesabiwa na wanafunzi wao, badala ya kusubiri meli ya Ulaya ipite kila baada ya miaka kadhaa. Kuhesabu foraminifera kunahitaji hadubini, brashi nyembamba na subira. Meli ndiyo ghali, na kampuni za mikongo tayari hutuma zao huko kila waya unapokatika, kama ilivyotokea tena Agosti 2023. Zibebe na mrija wa kuchotea tope. Kazi hiyo ianze kabla ukuta mpya haujasimama Inga, maana baada ya hapo hakutakuwa na hesabu ya awali ya kulinganisha.