Aliyeleta kisu cha duara alete na rula yake

Binti akijikata kidole kwenye chumba cha ushonaji, neno la kwanza analopewa ni "mzembe". Pole huja baadaye, tena ikija. Mimi naona wa kuulizwa kwanza ni mwenye chumba: ulimkabidhi nini pamoja na hicho kisu?

Nazungumzia kisu cha duara, chenye wembe wa mviringo unaobingirika juu ya kitambaa. Kampuni ya Olfa ya Japani ilikitoa mwaka 1979, na huko nje washonaji wa mifarishi ya viraka wengi hawakati miraba kwa kitu kingine. Hapa Dodoma mafundi wengi bado hawakijui, ila kinaingia taratibu, hasa kwa akina mama wanaookoteza mabaki ya vitenge kwa mafundi cherehani na kuyageuza mablanketi ya viraka, mito na mabegi. Kazi hiyo inadai vipande vilingane. Kila kipande kikizidi milimita mbili tu, ukifika mwisho wa safu mshono umeshahama. Kwa hiyo wanaosema turudi kwenye mkasi yaishe, siungani nao. Wamewahi kukata miraba ya blanketi zima kwa mkasi kweli?

Shida ni kwamba tunanunua kisu peke yake. Mkeka wa kukatia, ule wa plastiki unaowekwa chini ya kitambaa, unaonekana ghali, basi kazi inafanyika juu ya katoni. Rula nene ya plastiki haipo, inaazimwa ya mwanafunzi, nyembamba, ambayo wembe unaipanda bila kusita na kuishia kwenye kidole kilichoishikilia. Ndiyo maana unaoumia zaidi ni mkono wa rula, wala si ule ulioshika kisu. Kitenge kipya nacho kina wanga unaoteleza, rula inakimbia katikati ya mstari. Hilo linatibika kwa hela ndogo: gundisha vipande vya msasa laini kwenye pembe za rula, upande wa chini. Vidole vikae ndani, mbali na ukingo, na ukifika katikati ya rula ndefu simamisha kisu kwanza ndipo usogeze mkono.

Halafu kuna suala la kukaa. Nimeona watu wanakata wameketi sakafuni, kitambaa katikati ya miguu, kisu kinavutwa kuelekea pajani. Hapana! Simama, meza ifike usawa wa kiuno, kisu kisukumwe kwenda mbele. Viatu viwe vya kufunika vidole, kwa sababu kisu kikianguka hakichagui. Na kifuniko cha wembe kifungwe kila kisu kinapoachana na kitambaa, hata kama ni simu tu imeita.

Wembe butu nao una hatari yake. Vumbi letu la kiangazi linaingia kila mahali, na chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa inatosha kupiga pengo kwenye wembe. Utalijua pengo hilo kwa nyuzi zinazobaki hazijakatika, kila baada ya umbali uleule. Fundi akiona hivyo anakandamiza zaidi, anakwenda na kurudi, na hapo ndipo mkono unapoponyoka. Futa mkeka kabla ya kutandika kitambaa, na wembe ukianza kuruka nyuzi badilisha. Mwenye chumba anayebania wembe mpya asije kuniambia habari za uzembe.

Mtu akishajikata, ndipo maajabu yanapoanza: mafuta ya taa, dawa ya meno, unga wa kahawa. Vyote hivyo vinachafua kidonda. Chukua kitambaa safi, bana jeraha kwa nguvu, inua mkono juu ya usawa wa moyo, na usifunuefunue kuchungulia kabla dakika 10 hazijapita kwa saa. Pete ivuliwe mapema, kidole kisijavimba. Damu ikitulia, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kausha, funga kwa bandeji. Damu ikigoma baada ya dakika 15, kidonda kikiachama, kidole kikifa ganzi au kikikataa kukunjika, usisubiri kesho: huenda mshipa wa fahamu au kano imekatika. Panda bajaji uende kituo cha afya cha Makole au hospitali ya mkoa, General, siku hiyohiyo. Ncha ya kidole ikikatika kabisa, ifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, uitie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo ndio ukae kwenye maji ya barafu. Barafu isiiguse nyama. Uende nayo hospitali.

Ulizia pia chanjo ya pepopunda. Akina mama wengi waliichoma kliniki wakiwa wajawazito, lakini mafundi wa kiume, na mabinti ambao hawajazaa, ukiwauliza walichanjwa lini mara ya mwisho wanacheka tu.

Nyembe zilizokwisha zisitupwe jalalani na vipande vya vitenge, maana watoto hupita kuokota vitambaa vya kutengenezea midoli. Toboa mfuniko wa kopo la maziwa ya unga, tundu jembamba la kupitisha wembe tu, uzungushie utepe wa gundi, liandike kwa kalamu nene. Kopo moja linachukua nyembe za muda mrefu sana.