Usiniambie Kilomita, Niambie Yuniti

Muuzaji alisema ile Nissan Leaf, gari la umeme, mtumba kutoka Japani, inakwenda kilomita 200 kwa chaji moja. Jumamosi ya kwanza nikatoka nayo Nairobi kwenda Limuru kumwona shangazi. Naondoka, dashibodi inasema zimebaki kilomita 98. Nafika, baada ya kilomita thelathini hivi, inasema 41. Shangazi akaniangalia ninavyotafuta soketi ya kuchajia, akauliza, "Kwani ulinunua gari ama simu?"

Tatizo ni kwamba muuzaji hakudanganya kabisa. Leaf za kwanza, za 2010, zilitangazwa Japani kuwa za kilomita 200, kwa kipimo cha maabara cha huko, JC08, ambacho ni cha mwendo wa pole. Wamarekani walilipima gari lilo hilo kwa ukali zaidi wakapata maili 73, yaani kilomita 117 hivi.

Ndiyo maana siku hizi naulizia yuniti za umeme (kWh), zilezile tunazonunua kwa tokeni. Betri ya Leaf ile ikiwa mpya ni ya yuniti 24. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijistari 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Cha kwanza kikizimika, takriban asilimia 15 ya uwezo imeshakwenda. Yangu ilikuwa imebaki na tisa. Nilikagua matairi, nikakagua viti, vijistari sikuvihesabu.

Halafu kuna mlima. Kupandisha gari la tani moja na nusu, pamoja na watu, hadi mita 500 juu hula yuniti mbili na zaidi, mbali na zile za mwendo wenyewe. Wakati wa kurudi mteremko ulinirudishia kiasi: mota ikageuka jenereta, na kilomita kwenye dashibodi zikawa zinaongezeka! Nambari ile ni makisio tu. Inatazama ulivyoendesha muda mfupi uliopita. Mlima ulio mbele haiujui. Wala haijui kwamba ukifika Thika Road utatoka 80 hadi 110 kwa saa, ambapo upepo hukukaba karibu mara mbili.

Wiki jana binamu yangu alinitumia tangazo la Leaf nyingine. Picha kumi na mbili, rangi inang'aa, "km 200 kwa chaji". Nikamwambia aombe picha moja zaidi, ya dashibodi ikiwa imewashwa. Muuzaji bado hajaituma.